Jiwe Langu Kwenye Foleni

Nilikuwa balozi wa nyumba kumi mtaani kwetu Kariakoo, na ulimi wangu ulijulikana. Miaka ile ya uhaba, sukari ikifika duka la ushirika, mimi ndiye niliyetangaza. Wenye shughuli waliacha jiwe kwenye foleni liwashikie nafasi, nami nililitupa kando. Asiyekuwepo hana foleni, nilisema.

Kisha nikajifungua njiti wa miezi saba. Maziwa yangu yakachelewa kutoka, mume wangu akatumia jina langu kupata kopo la maziwa ya unga, mtoto akapewa kidogo kidogo pale wodini. Siku chache baadaye tumbo lake likavimba, choo kikatoka na damu. Utumbo ulikuwa na vidonda. Madaktari wakamtundikia dripu, wakakataza asipewe kitu mdomoni.

"Ni lile kopo, daktari?"

"Njiti huugua hivi hata bila kopo, mama. Ila maziwa yako yangemfaa zaidi."

Nikamuuliza daktari jinsi mtoto atakavyopona bila kula. Alikuwa kijana mpole, akavuta kiti.

"Utumbo umejengwa kwa seli, chembe ndogo sana zilizopangana. Nyingine zimekufa, pamebaki mapengo. Zilizo jirani zinapashana habari, kisha zinasogea kuyaziba. Tuupumzishe kwanza. Baadaye maziwa yako yatazisaidia, kwa hiyo endelea kukamua, yasikauke."

"Na balozi wa hizo chembe ni nani?"

Akacheka. "Hazina balozi, mama."

Jibu hilo liliniudhi. Nilikamua na kumwaga, siku baada ya siku, nikilia kwa hasira na hofu. Mtaa mzima ulinisikiliza, lakini kwenye lile tumbo dogo sikuwa na sauti.

Siku ya kumi tumbo lilikuwa limelainika. Muuguzi akapitisha matone ya maziwa yangu kwenye mpira mwembamba wa puani. Kesho yake nepi ilikuwa na choo cha njano, kisicho na damu hata chembe. Nusura niibusu.

Wiki kadhaa baadaye tuliruhusiwa. Nikapita dukani na mwanangu kifuani, nikakuta foleni ndefu. Jirani yangu, mama mmoja wa Lindi, akanionyesha jiwe karibu na mlango.

"Lako hilo, balozi. Kila foleni tulikuwekea. Sukari yako iko kwangu."

Nikasimama kwenye nafasi yangu. Nyuma yangu kulikuwa na jiwe jingine, la mtu aliyekwenda Buguruni. Foleni iliposogea nililisukuma kwa mguu, taratibu, mtoto asiamke.