Mama wa Alupe Alivyonifundisha Piano

Piano ya kanisa letu ilikuja Busia kwa lori kutoka Malaba. Familia moja ya wenye duka iliyokuwa ikihama kutoka Uganda ilivuka nayo mpaka, ikafika stesheni ikaambiwa garimoshi halina nafasi ya mzigo wa namna ile. Pasta wetu alikuwa hapo akiwapa chai watu waliovuka, basi wakamwachia yeye. Ikawekwa karibu na mimbari, ikafunikwa shuka la kitanda. Hakuna aliyejua kuipiga.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikiishi kwa shangazi yangu mwenye hoteli ndogo pale malori yanapoegeshwa. Tangu alfajiri nilikanda unga wa chapati. Saa tisa mchana nilikuwa huru. Jumamosi nilikuwa na zamu ya kufagia kanisa, na Jumamosi moja ya mwezi wa tisa nikaifunua ile piano. Nilitaka tu kuisikia. Nikagusa jino moja la kubonyeza, nikagusa lingine, nikitafuta wimbo fulani wa Krismasi, ule mfupi wa polepole ambao hata watoto wa nasari wanaujua.

"Hilo ni fa," sauti ikasema nyuma yangu. "Unalotafuta liko kushoto kwake."

Nikageuka. Kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, alikaa mwanamke tuliyezoea kumwita Mama wa Alupe. Aliwahi kuugua ukoma, akatibiwa katika hospitali ya wakoma pale Alupe, akapona, akajenga nyumba yake huko huko kando ya barabara. Ugonjwa ulikwisha lakini uliondoka na vidole vyake. Mkono wa kulia ulibaki na gumba na nusu ya kidole kimoja. Wa kushoto ulikuwa umejikunja, haukunjuki. Watu walimsalimu kwa mbali. Jumapili akikaa kwenye benchi, benchi zima linakuwa lake.

"Mama, wewe unajua piano?"

"Nilipiga kinanda cha misheni miaka sita, kabla ya haya." Aliinua mikono kidogo, akaishusha. "Masikio hayakuugua."

Nikagusa jino la kushoto. Lilikuwa lenyewe. Niliona haya, nikacheka, naye akacheka.

"Kama unataka," akasema, "njoo hapa Jumanne."

Jumanne nikaenda, na Alhamisi, na Jumamosi tena. Kwanza hakuniruhusu kugusa kitu. Alinifundisha kuuimba wimbo kwa do-re-mi, mstari kwa mstari, mpaka nikawa nauimba nikiosha sufuria. Tulipofika kwenye piano kukawa na shida nyingine: hakuweza kunionyesha kidole kipi kiende wapi. Akaniambia nichukue kalamu niandike namba kwenye kucha zangu, moja kwenye gumba hadi tano kwenye kidole kidogo. Basi yeye anaimba namba na mimi nafuata. "Tatu. Nne. Tatu. Moja, iache ikae hapo. Sasa ruka, tano!"

Mikono yangu ilikuwa na nguvu za kazi ya hotelini na niliyagandamiza yale meno kwa nguvu hizo hizo.

"Binti, hiyo siyo chapati," aliniambia. "Gusa, halafu uache. Sauti itaenda yenyewe."

Ilinichukua wiki tatu kupata mstari wa kwanza. Siku nilipoupiga bila kukosea, nilimwangalia nikangoja kusifiwa. Alikuwa amefumba macho. "Tena," akasema.

Shangazi aliziona namba kwenye kucha zangu mwezi wa kumi na moja. Sikuweza kumdanganya, nikamweleza. Akaacha kugeuza chapati.

"Anakushika mkono?"

"Ananishika, shangazi, akininyoosha kiganja. Lakini alipona zamani. Hata dakitari wa Alupe anasema haiambukizi tena."

"Dakitari halishi watu hapa. Hawa wanaotoka ng'ambo ya mpaka kununua sabuni na chumvi, hawa madereva, wakisikia wanakula chapati za mkono ulioshikwa na yule, watarudi? Wewe chagua. Piano ama jiko langu."

Nikachagua jiko. Sikuwa na mahali pengine pa kulala. Jumanne sikwenda, Alhamisi sikwenda, na Jumapili nilikaa mbele kabisa ili nisimwone. Ninayakumbuka hayo kwa aibu zaidi kuliko neno lolote alilosema shangazi.

Jumanne iliyofuata alikuja mwenyewe. Alitembea kutoka Alupe kwenye jua la saa nane, akasimama nje ya hoteli, upande wa pili wa mtaro, asije kumsumbua mtu. Nikamwona kupitia mlangoni, nikatoka na unga mikononi.

"Wimbo umekushinda?"

"Hapana, Mama."

"Ni mimi nimekukosea?"

"Hapana." Nilianza kulia. "Nimekatazwa."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa habari anayoijua. "Sawa. Basi sikiliza. Ule mstari wa tatu usiukimbize. Ukifika juu, pumua kwanza. Unaweza kujifunza hata bila mimi." Akageuka kwenda zake.

Shangazi alikuwa nyuma yangu. Sijui alisimama hapo tangu lini. Alirudi ndani, akatoka na kikombe cha chai, akaruka mtaro, akamfikia.

"Mama, jua ni kali. Kunywa kwanza."

Mama wa Alupe alikishika kile kikombe kwa viganja viwili, akanywa taratibu pale barabarani, shangazi amesimama kando yake, na madereva wakitazama. Jioni shangazi alikiosha kikombe mara tatu, akakiweka dirishani peke yake. Lakini alikiosha yeye mwenyewe, na kesho yake asubuhi nilikiona mezani pamoja na vingine, dereva mmoja akinywea.

"Uwe umerudi saa kumi na mbili," ndiyo ruhusa aliyonipa.

Siku ya Krismasi kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Pasta alitangaza kuna piano leo. Nikaenda mbele, na Mama wa Alupe akaja kuketi kushoto kwangu. Tulikuwa tumelipanga hilo sisi wawili tu. Kila mstari ulipoanza, yeye aligonga jino moja la sauti nzito kwa ukingo wa mkono. Mkono ule haukuwa na hisia, kwa hiyo ilibidi autazame ndipo ajue umegusa. Nilisikia watu wakinong'ona, halafu wakaanza kuimba.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, kidole namba nne kilianguka pasipo pake na nikapotea kabisa. Nikaondoa mikono. Mama hakuniangalia. Aliendelea kugonga, na kuimba kwa sauti kubwa ambayo sikujua anayo, na kanisa likamfuata yeye. "Ubeti wa tatu," akaninong'oneza, "ingia na wote." Nikaingia.

Baada ya ibada wapo waliotusalimu kwa mbali kama kawaida, na wapo waliotoa mkono. Mama mmoja, ambaye kwa miezi nilimwona akihama benchi, alikuja akimsukuma binti yake mdogo mbele.

"Huyu naye anaweza kujifunza?" akauliza, huku akitazama sakafu.

"Ana vidole kumi," Mama wa Alupe akamjibu. "Mlete Jumanne."

Kufikia Pasaka tulikuwa wanafunzi wanne, na mimi nilikuwa nimeanza kuupa kazi mkono wa kushoto.