Pini Tatu Nyekundu

Ramani ile ilinichefua tangu siku ya kwanza. Ilibandikwa ukutani katika ofisi ya bwana shauri, mzungu aliyetawala wilaya, kule Thika, wakati wa Hali ya Hatari, na mimi ndiye niliyekuwa karani wa kuitunza. Kazi yenyewe ilikuwa kuchoma pini. Nyeusi ni mtu ameuawa. Ya buluu ni kituo cha homugadi, wale wenzetu waliopewa bunduki za kutulinda, wakazielekeza kwetu. Nyekundu ni shambulio. Watu wanakufa huko nje, na sisi tunawageuza vichwa vya pini, halafu tunakunywa chai ya maziwa.

Kijiji kikipata pini tatu nyekundu, bendera ya kituo chake ilibadilishwa. Nyeupe, tembea na kipande chako cha kitambulisho. Manjano, nenda shamba saa mbili tu, askari nyuma yako. Nyekundu, hakuna kutoka mlangoni, hata ukiwa mgonjwa. Haya niliwafundisha watu mwenyewe, sokoni Ruiru, nimesimama juu ya sanduku na tai shingoni, nikijiona mtu wa maana. Ptuu!

Mke wangu alikaa na mama yangu katika kimoja cha vijiji vile, ng'ambo ya Ruiru. Alikuwa na mimba yetu ya kwanza na siku zake zilikuwa zimetimia. Zahanati ya misheni haikuwa mbali. Angefika kwa miguu akishikwa mkono.

Asubuhi moja karani wa mifugo akaja na pini zake. Ofisi yao haikuwa na ramani, wakatumia yetu. Siku zote pini zao zilikuwa za manjano, lakini safari hiyo duka la Mhindi lilikuwa limeishiwa. Akachoma tatu nyekundu kwenye kijiji chetu: ng'ombe watatu wameshikwa na ugonjwa wa midomo na kwato. Nilimwona akizichoma. Tena tulicheka pamoja.

Bwana shauri akaingia, akasimama mbele ya ramani, akahesabu kwa kidole chenye mafuta ya soseji.

"Nyekundu," akasema. "Piga simu."

Ningesema, "Bwana, ni ng'ombe." Maneno matatu tu. Lakini wiki iliyotangulia mwenzangu mmoja alimsahihisha, na jioni akapandishwa lori la kwenda kizuizini. Nikajiambia bendera itashushwa kabla ya giza, na mtoto wa kwanza huwa hana haraka. Nikainua simu, nikamwambia koplo wa homugadi: nyekundu. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linalonitia kinyaa mpaka leo.

Bendera ilikaa siku mbili. Uchungu ulimshika mke wangu jioni ile ile. Mama alitoka kumwomba koplo ruhusa, akasukumwa kwa kitako cha bunduki.

"Rudi ndani, cucu," akamwambia, kama anayemwita nyanya yake. "Bendera huioni?"

Kesho yake mtoto alizaliwa amekufa. Alikuwa wa kiume.

Siku ya tatu mkubwa wa mifugo akaja kuulizia pini zake. Bwana shauri alicheka mpaka akakohoa. "Ng'ombe! Toa hizo," akaniambia, kisha akaagiza chai. Nikazitoa. Nikamletea chai, na sukari nikamkorogea.

Nilipopata ruhusa ya kwenda nyumbani, nilimkuta mke wangu amelala, uso ameuelekeza ukutani. Mama alinipa kigoda, naye akabaki amesimama.

"Koplo anasema amri ilitoka kwenu, kwa simu," akasema. "Wewe uko huko ofisini. Ni nani alipiga hiyo simu?"

Mke wangu akageuka kunitazama.

"Ni mzungu mwenyewe," nikasema.

Mama akamlaani mzungu huyo, yeye na kizazi chake. Kisha akanipakulia chakula, nikala.