Kigingi cha Tatu

Mume wangu alikuwa fundi wa baiskeli pale Oli, pembeni mwa mji wa Arua, na hakuna kitu cha jirani ambacho mikono yake haikukitengeneza. Pedali, spoku, breki, hata kitanda cha mchungaji kilichovunjika mguu. Kitu kimoja tu hakukigusa: kigingi cha tatu cha adungu yake mwenyewe. Mganga hajigangi, wanasema, nami nilimwimbia methali hiyo mpaka nikachoka.

Adungu ni kinubi chetu cha kule West Nile, Uganda. Tumbo lake ni mti uliochongwa na kufunikwa ngozi, shingo yake imepinda, na kila uzi umefungwa kwenye kigingi chake. Ile ya mume wangu tundu la kigingi cha tatu lilikuwa limepanuka, kwa hiyo uzi ulilegea kila aliposhika wimbo kwa nguvu. Na wimbo alioushika kwa nguvu kuliko zote ni ule alioutunga mwenyewe, ambao mstari wake mkubwa ulisema: Bwana akichoka njiani, atalala kwangu. Akifika kwenye "atalala," uzi unalegea. Hapo anasimama. Anainamisha kichwa bega la kushoto, sikio linakaribia shingo ya adungu, anafumba jicho moja, anasokota kigingi polepole, anadonoa uzi mara moja, ndipo anaendelea na "kwangu."

Sisi wanakwaya wa kanisani tulibaki vinywa wazi. Mimi nilisimama mstari wa mbele, na aibu yote niliibeba mimi.

"Mzee, twende," nilikuwa nikimnong'oneza. "Watu wanangoja."

"Ngoja kidogo, bibi yangu. Iko karibu."

Yeye alikuwa Mlugbara wa Adumi, mimi ni Mkakwa wa Koboko, basi nyumbani tulisema Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa namna yake. Nilimwambia kwa Kiswahili hicho kwamba kigingi kipya ni kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye patasi. Alijibu kwamba baiskeli ya mtu wa Inde ilikuwa inangoja. Siku zote kulikuwa na baiskeli ya mtu inayongoja. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, alisema jirani yangu Mnubi, na Idi zikapita nyingi, tukala pilau yake, na kigingi kikabaki vilevile.

Jirani huyo ndiye aliyeiita adungu mke mwenzangu. "Ona, leo iko analala kwa bibi mdogo," alinichokoza kila aliposikia nyuzi jioni. Nilicheka, ila kulikuwa na mwiba ndani, kwa sababu hatukupata mtoto. Ndugu zake walikuja kutoka Adumi zaidi ya mara moja kumwambia aoe mwingine. Aliwakaribisha, akawapa chai, akawaambia kwamba wake wawili anao tayari, na mmoja ana nyuzi. Nilimpenda sana kwa jibu hilo. Siku hiyo sikutaja kigingi hadi tukalala.

Mwaka 1971 watu waliokimbia vita ya Sudani walikuwa bado wengi Koboko. Wengi wao walikuwa Wakristo, na walikuwa na sauti nzuri bila ala hata moja. Kila Jumamosi mume wangu alifunga duka lake, akajifunga adungu mgongoni, akapanda baiskeli yake mpaka kwetu Koboko, akalala kwa mama yangu, na Jumapili akawafundisha. Alirudi Jumatatu amejaa vumbi hadi kope. Aliwaonyesha kuchonga adungu zao, akawapa nyimbo zake zote. Mwaka uliofuata amani ikapatikana kwao, wakarudi, masufuria vichwani na adungu migongoni. Mmoja aliahidi kutuletea salamu. Salamu hazikuja, na barabara ile haikuwa ya kutuma barua. Tukawasahau, au mimi niliwasahau.

Mume wangu alikufa miaka michache baadaye, wakati wa mvua za kupanda, kwa homa iliyoanza kama homa zote. Alitengeneza baiskeli Jumanne. Ijumaa tulimpandisha kwenye lori kumpeleka Adumi kuzikwa.

Kwaya ilikuja yote. Jirani yangu alikuja pia, na sufuria yake ya maharage na kanga kichwani, akakaa karibu nami kama ndugu. Hakukuwa na mtu wa kupiga adungu, basi waliimba wimbo wake kwa midomo tu. Walipofika kwenye "atalala" nilishusha pumzi, nikangoja, kama mwili wangu ulivyozoea. Wao hawakungoja. Waliimba "atalala kwangu" moja kwa moja, safi, mstari umenyooka, vile nilivyotaka mimi miaka yote. Hapo ndipo nilipolia. Kabla ya hapo nilikuwa bado nashughulika na maji ya wageni.

Kisha kaka yake mkubwa akasimama kusema, kama desturi inavyotaka. Hakuwa mtu mbaya, na maneno yake aliyasema kwa uchungu.

"Ndugu yetu alikuwa mutu muzuri," alisema. "Lakini nyumba yake imefunga. Sisi tutazeeka, na hakuna mtoto atapita hapa, tumuangalie, tuseme, huyu iko kama yeye." Akanigeukia. "Shemeji, usikasirike. Nasema kile kiko."

Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Hata picha hatukuwa nayo. Adungu waliichukua wao, wakaitundika chini ya paa kule Adumi, na nilipokwenda kusalimia msimu uliofuata nilikuta mchwa wamekula tumbo lote, imebaki shingo. Kiongozi mpya wa kwaya aliendelea kuimbisha ule wimbo bila kusimama, na watu wakamsifu kwamba sasa umekaa sawa. Nilijiuliza, huku nikipepeta ufuta wangu wa kuuza, kama mtu anaweza kuishi vizuri hivyo halafu asibaki hata kidogo.

Sitaki mtu adhani niliishi kwa huzuni. Nilirudi Koboko kwa mama yangu, nikawa nauza ufuta na samaki wakavu sokoni, na biashara ilinifaa. Sukari ilikuwa adimu miaka ile, sabuni ilikuwa adimu, lakini porojo za sokoni hazikuadimika hata siku moja. Nilinenepa. Jirani yangu wa Oli alipanda lori la tumbaku kuja kuniona kila harusi ya Wanubi ilipokuwa Koboko, na alilala kwangu.

Jumapili moja kanisani kwetu ilitangazwa kwaya ya wageni. Walikuwa wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sudani, wamekuja na wake zao na watoto, na adungu mbili. Nilikuwa nimekaa nyuma, nafikiria samaki wangu na paka wa mama. Wakaanza wimbo. Nikaujua kabla hawajafungua vinywa.

Bwana akichoka njiani, waliimba, atalala.

Wakanyamaza. Adungu zote mbili zikanyamaza. Na kwaya nzima, wanaume kwa wanawake, wakainamisha vichwa kwenye bega la kushoto. Kulikuwa na kitoto cha kike mbele, meno ya juu yameng'oka, nacho kimeinamisha kichwa kuliko wote, jicho moja kimelifumba, vile vile alivyokuwa akilifumba yeye alipokuwa anasikiliza uzi. Mpiga adungu akadonoa uzi mara moja. Kisha wote: kwangu.

Sikumbuki mahubiri ya siku hiyo. Ibada ilipokwisha nilimfuata kiongozi wao nje, mwanamume wa makamo, nikamsalimu na kumuuliza kwa nini wanasimama pale katikati.

"Wimbo iko hivyo, mama," alisema. "Mwalimu alitufundisha hapa hapa Koboko, wakati wa vita. Pale mutu anainama kwanza, anaangalia nyumba yake ndani ya moyo. Kama iko chafu, hawezi kusema 'kwangu.' Mwalimu alikuwa anaomba sana pale. Siku ingine aliomba muda murefu."

Siku zile za muda mrefu nazijua mimi. Zilikuwa siku za kiangazi, mti umekauka na kigingi hakishiki.

"Na watoto?" niliuliza.

"Watoto wanajua. Mtoto akipita moja kwa moja, tunamurudisha mwanzo. Kwetu makanisa yote inaimba hivyo sasa."

Kicheko kilinijia tumboni, nikakizuia, kikatoka machoni. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia mwalimu alikuwa mume wangu. Aliita kwaya yake kwa sauti, wakaja mbio kutoka kwenye kivuli cha kanisa, wakanizunguka, na wote, hata wale wenye mvi nyingi kuliko mimi, wakaniita mama. Kile kitoto kilinishika sketi. Nikakiangalia, nikatamani shemeji yangu wa Adumi angekuwa pale, asimame karibu nami, aangalie tu.

Sikuwaambia habari za kigingi. Waliniuliza nataka wimbo gani, nami nikawajibu wanajua.

Wakaimba pale uani, kuku wakipita kati ya miguu yao. Walipofika kwenye "atalala" wakainamisha vichwa vyote kushoto. Nikainamisha changu, nikamngoja. Safari hii sikumharakisha.