Gurudumu la Papa na Mota Yangu

Mwaka ule, kila Jumamosi asubuhi, gari lenye kipaza sauti lilipita mbele ya mlango wetu likitangaza bustani mpya ya michezo, na kila Jumamosi nililitukana. Sikulitukana moyoni. Nilitoka nje na ufagio mkononi, nikasimama kando ya barabara, nikasema kwa sauti kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dereva alinipungia mkono. Alidhani namsalimia, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Kabla yake, upande wetu wa Likasi, mji wa migodi ya shaba huku Kongo, ulikuwa na bustani moja tu ya watoto, na ilikuwa yetu. Papa, baba yangu, aliianzisha nyuma ya parokia baada ya kazi ya mgodi kufa. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Wenzake walipokaa nyumbani wakingoja mgodi ufufuke, yeye alichukua ndoo nane kubwa za chuma zilizowahi kubeba mawe ya shaba, akazikata midomo ili mtoto aweze kuingia, akazifunga kwenye mihimili minane, kisha akaisimamisha yote juu ya ekseli ya lori. Kando akatokeza mipini minne mirefu ya kusukumia. Tuliliita gurudumu, basi, wala hatukulitafutia jina lingine.

Taratibu yake ilikuwa moja. Mtoto anaingia ndooni, baba yake anashika mpini, anasukuma. Mtoto ambaye baba yake hayupo alisukumwa na baba wa mwenzake, na watu wake walimpelekea mtu huyo kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi. Sijui nani aliyeitunga sheria hiyo. Nilikua nikaikuta, na sikuwahi kuona mtu akiivunja.

Jumapili baada ya misa watu walikuja na sufuria zao. Walitandika mikeka chini ya mijakaranda, wakala bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo na samaki wa ziwa la Tshangalele, halafu wababa wakainuka. Makarani wa ofisi walikunja mikono ya mashati. Wachimbaji waliotoka machimbo ya Kambove, ambao wiki nzima walikuwa wamebeba na kusukuma mawe, walisukuma tena, na walikuwa wanacheka. Papa alisimama katikati na kopo la grisi, akisikiliza ekseli. Akisikia mlio asioupenda aliinua mkono, na wote wakasimama.

Alipozeeka alinikabidhi mimi, mtoto wake wa pekee aliyebaki mjini. Aliniambia nifanye nitakavyo, lakini bustani isife mbele ya macho yake. Hilo ndilo neno nililobeba miaka ile yote. Kwa hiyo watu walipoanza kupungua sikulala vizuri, na ile bustani mpya ilipofunguliwa upande wa barabara ya malori, nikawa mtu wa ufagio na matusi.

Nilikuwa na maelezo yangu. Nilisema watu wa mji huu wanapenda kitu kipya hata kama ni kibovu. Nilisema wanakwenda kule kupiga picha tu, waziweke kwenye simu, watu wa Lubumbashi wazione. Nilisema nyama ya fahari haishibishi. Msemo huo niliutunga mwenyewe kwa hasira, na mpaka leo sijui maana yake. Kila aliyenisikiliza alitikisa kichwa kwa adabu, na Jumapili iliyofuata nikasikia amekwenda kule.

Kisha likaja pigo lenyewe. Kila mwaka, katikati ya kiangazi, watoto wa komunyo ya kwanza walitoka kanisani na mavazi yao meupe, wakaja kwetu moja kwa moja, parokia nzima. Ilikuwa siku yetu kubwa. Mwaka ule mama anayewaongoza akina mama wa parokia, ambaye sote tunamwita Mama Présidente, alinijulisha kwamba safari hii watakwenda bustani mpya. Alinijulisha kwa kunitumia ujumbe kwenye simu, yeye anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu! Niliusoma mara nne. Papa aliniuliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu.

Jumamosi iliyotangulia sikukuu hiyo niliamua kwenda kuwaona adui zangu kwa macho. Nilivaa kitenge kizuri, nikatia viazi vitamu vya kuchemsha katika mfuko, nikaenda kwa miguu ili hasira isipoe njiani. Getini nilikata tiketi kama mgeni. Mlinzi akafungua mfuko wangu, akatoa viazi, akaniambia chakula cha nyumbani hakiruhusiwi, nitavichukua nikitoka. Nilifurahi sana. Nilijiambia, haya, nimewapata, bustani gani inayomnyang'anya mama viazi vyake?

Ndani niliona tembo wa plastiki, jumba la mpira lililojazwa upepo, na farasi wanaozunguka wakiimba wimbo uleule mpaka kichwa kinauma. Jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta. Hakukuwa na mti hata mmoja. Nilihesabu makosa yote hayo kwa raha. Halafu haja ikanibana, nikaenda chooni.

Lazima niseme ukweli, ingawa unanichoma. Kilikuwa choo chenye mlango unaofunga kwa ndani. Kilikuwa na maji na sabuni, na msumari wa kutundikia mkoba. Sisi tulikuwa na tundu nyuma ya ukuta wa mabati, na mwanamke aliyekwenda pale alikwenda na mwenzake wa kumlindia. Nilikaa mle ndani muda mrefu kuliko haja yenyewe, nikiukazia macho ule msumari. Nilitoka nikiwa nimeshindwa nusu, na mtu aliyeshindwa nusu ni mtu mbaya sana wa kukutana naye.

Nikakutana na Mama Présidente. Alikuwa amekuja kuchagua meza za kesho. Mume wake alikuwa amekaa kivulini, ameinamia simu, na binti yao, yule wa komunyo, alikuwa juu ya farasi akizunguka peke yake. Kila alipopita mbele ya baba yake alimtazama. Baba hakuinua kichwa. Niliona jambo hilo lakini sikulitia maanani, kwa sababu nilikuwa nimekuja kugombana.

Nikagomba. Nilimwambia kwamba amemsahau mzee aliyewasukuma yeye na ndugu zake walipokuwa hawana baba. Nilimwambia kwamba amenunuliwa na choo. Akina mama wa meza za jirani waligeuka kutazama. Yeye hakunijibu kwa hasira. Alinishika mkono akanivuta pembeni.

“Yaya, usikasirike,” alisema, akiniita dada mkubwa kama siku zote. “Pale kwenu bwana yangu alikuwa anasukuma. Mutoto alikuwa anajua papa yake iko nyuma yake. Sasa uliweka moteur, anakaa tu na telefone. Kama ni kukaa, afazali akae fasi iko na toilette ya muzuri.”

Hapo lazima niieleze mota, maana mpaka siku ile nilikuwa najivunia.

Ukitaka kuelewa kosa langu, uwe umezaliwa Likasi. Utotoni mwangu mji ulikuwa unavuma kwa mvumo wa mashine. Ulilala nao masikioni, ukaamka nao. Kisha mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine, na kila iliponyamaza mashine ilikuja mikono badala yake: mikono ya kuvunja mawe, mikono ya kuvuta maji kisimani, mikono ya kutwanga mahindi pale kinu cha umeme kilipokufa. Kwetu, ukiona watu wanafanya kitu kwa mikono, unauliza nini kimeharibika. Nadhani mtu wa mji mwingine angewaona wababa wakisukuma watoto na kusema ni furaha. Mimi niliona mgodi uliokufa.

Basi siku moja alikuja mgeni kutoka Lubumbashi, amevaa miwani ya jua, akasimama kuwapiga video wababa zetu kwa simu. Akacheka akamwambia mwenzake kwamba wanafanana na wafungwa. Aibu iliniunguza mpaka masikio. Mwezi haukuisha kabla sijanunua mota ya kinu cha mahindi kilichofungwa, nikatafuta mkanda wa mpira, nikamwita fundi. Siku gurudumu lilipozunguka lenyewe nilipiga vigelegele. Nilisema bustani yetu sasa ni bustani ya watu.

Papa alilitazama likizunguka mara tatu. Akasema ni zuri. Tangu Jumapili iliyofuata hakuja tena. Alisema magoti yanamsumbua, nami nikamwamini. Na wababa, ambao hawakuwa na la kufanya, wakaanza kukaa. Kisha wakaanza kwenda kukaa kwingine. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nilikuwa nazunguka mjini na ufagio nikikitafuta barabarani.

Nilirudi nyumbani bila viazi vyangu. Papa alikuwa uani, amekaa juani na koti, maana kiangazi chetu kina baridi. Nikasimama mbele yake.

“Papa, ulijua?”

Hakuniuliza kuhusu nini. “Nilijua.”

“Sasa juu ya nini haukuniambia?”

“Ulikuwa unafurahi, mama,” alisema, akiniita kama alivyoniita tangu utotoni. “Ungesema miye niko na wivu.”

Nilimkasirikia vibaya. Nilimwambia kwamba ukimya wake ndio umeiua bustani, kwamba angesema neno moja tu, moja, na mimi ningesikia. Nilijua wakati nasema kwamba nadanganya. Nisingesikia. Ningemwambia dunia imebadilika, akae apumzike. Alinitazama mpaka nikamaliza, halafu akaomba maji ya kunywa.

Jioni ile nilikwenda kwa Mama Présidente, nyumba ya tatu, nikamwambia nitautoa mkanda kesho asubuhi na choo kitajengwa. Nilisema hivyo nimesimama mlangoni, bila kukubali kuketi. Alinijibu kwa upole kwamba watoto wameshaambiwa na meza zimeshashikwa. Alinihurumia, na huruma yake iliniuma kuliko jibu lake.

Niliutoa mkanda hata hivyo. Jumapili alfajiri niliukata kwa kisu cha jikoni, kwa sababu nilikuwa na hasira mno kutafuta spana. Kisha nikafungua lango na kukaa. Misa iliisha. Watoto wakatoka, weupe kama unga, mishumaa mikononi, wakapita mbele ya lango letu pamoja na wazazi wao, bila sufuria, kwa kuwa kule haziruhusiwi. Wengine walinisalimia. Niliwageuzia mgongo.

Mchana Papa akaja. Sikumwita. Nilimwona langoni na fimbo yake, anapumua kwa shida, na magoti yake kweli yalikuwa yanamsumbua. Alitazama mkanda uliokatwa chini. Alizunguka gurudumu polepole akigusa kila ndoo. Halafu akaniambia nimsaidie kupanda.

Nilikataa. Nilimwambia mzee wa umri wake hawezi kukaa kwenye ndoo ya watoto, watu watamcheka. Akauliza watu gani. Bustani ilikuwa tupu toka lango mpaka ukuta. Akashika ukingo, akaanza kupanda mwenyewe, nikaona ataanguka, nikambeba. Alikuwa mwepesi. Alikaa na magoti karibu na kidevu, akaweka fimbo mapajani.

“Sukuma,” alisema.

Nikasukuma. Nilisukuma kwa hasira, kwa sababu ya gari la kipaza sauti, kwa sababu ya yule mgeni na miwani yake, na zaidi kwa sababu yangu mwenyewe. Ekseli ililia. Tangu niweke mota sikuwa nimeitia grisi hata mara moja, na Papa aliusikia mlio ule, nikamwona akifunga macho, lakini safari hii hakuinua mkono. Tulizunguka. Sikumbuki kama niliwahi kumwona kisogo chake kwa muda mrefu namna ile. Nililia pia, na nilikasirika kwamba nalia.

Jua lilikuwa limeinama nilipoona watu wawili langoni. Walikuwa mume wa Mama Présidente na binti yake, binti bado yumo katika gauni jeupe, viatu vimejaa vumbi jekundu. Walikuwa wametembea kutoka kule. Yule mwanamume alipomwona Papa ndani ya ndoo alipiga makofi mepesi na kuinama, kama tunavyowasalimia wazee, kana kwamba Papa alikuwa amekaa kwenye kiti cha sebuleni.

“Kule alikatala kupanda,” aliniambia, bila kunitazama usoni. “Aliniuliza: papa, na weye utakuwa fasi gani?”

Nilikuwa bado nimeshika mpini kwa nguvu, na nadhani nisingeuachia kama Papa asingezungumza.

“Toka pale, mama,” alisema kutoka ndooni. “Umupe fasi.”

Nikauachia. Yule mwanamume alivua koti lake la sikukuu, akalitundika kwenye mjakaranda, akamwingiza binti yake katika ndoo iliyo nyuma ya Papa. Kisha akaegemeza kifua kwenye mpini akaanza kusukuma wote wawili. Alikuwa anamsukuma mtu wangu, kwa hiyo nilikwenda kumtafutia kikombe cha munkoyo.