Wastani wa Miezi Mitatu

Kila asubuhi nilikuwa najitoboa kidole kabla ya kutia kitu mdomoni. Nikisoma sukari sita au saba, nasema alhamdulillah, nameza vidonge vyangu, naendelea na shughuli. Basi daktari aliponiambia kipimo cha miezi mitatu kimetoka asilimia tisa, nilimjia juu. Nikamwambia mashine yenu mbovu hiyo.

Kijana wa watu hakukasirika. "Mama, kidole kinakwambia saa hii tu. Hiki kinapima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi miezi kama mitatu. Ni wastani wa asubuhi, mchana na usiku. Jioni unakula nini?" Akasema macho yangu yameshaanza kuguswa, nisipoishusha sukari nitapofuka.

Njia ya mwongo fupi! Jioni yangu ilikuwa ya jirani yangu, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, mjane kama mimi. Baada ya alasiri aliniletea sahani: jalebi, halua, siku nyingine tambi za sukari. Nami nimrudishie sahani tupu? Mkono mtupu haulambwi. Nikampikia visheti, na katika kuonja nikashiba. Kisha tunakaa barazani kwake kuwasengenya watu wa mtaa mzima, Mungu atusamehe, mpaka adhana ya magharibi. Wanangu wako Dar es Salaam, simu zao ni Idi kwa Idi. Hapa Tanga mtu wangu alikuwa yeye.

Nilikusudia kumwambia asiniletee tena. Ninamwona anakuja, anacheka tangu mlangoni, naipokea sahani. Nikala.

Haukupita muda, mwanawe akaja kumchukua. Wakauza duka, wakahamia Mwanza. Tulilia siku ile kama watoto. Baraza lake sasa limejaa mifuko ya simenti ya mtu nisiyemjua. Nami najipikia ugali kidogo na mchicha, nakula nimesimama jikoni, maana kumtandikia mkeka mtu mmoja ni kujitia wazimu. Kuna siku jua linazama sijasema na mtu. Upweke unauma jamani, asikudanganye mtu.

Niliporudi kliniki, miezi mitatu tangu aondoke, wakanitoa damu tena. Muuguzi akatoka na karatasi, anapiga vigelegele.

"Bibi! Asilimia sita na nusu! Hongera!" Akawaita wenzake waje wanione. "Umefanyaje? Tuambie tuwafundishe na wengine."

Nilifurahi, nisiseme uongo, macho ni macho. Lakini nilipoitazama ile namba niliona miezi yangu mitatu imo yote, na ndani yake hakuna hata mmoja aliyenipigia hodi. Mambo hayo huyasemi mbele za watu.

"Nimeacha vitamu tu, mwanangu."

"Basi endelea hivyo hivyo, bibi," akasema. "Usibadilishe kitu."