Mtihani wa Kaka, Majibu ya Wifi

Kaka yangu amekuwa fundi wa lifti tangu ujanani, na mume wa wifi yangu kwa muda karibu uleule, na sijui ni ipi kati ya kazi hizo iliyomnyamazisha zaidi. Ukimuuliza hali yake, wifi ndiye anayekujibu. Daktari akimuuliza panapouma, wifi ndiye anayeonyesha. Tumegombana juu ya jambo hilo miaka nenda miaka rudi, kwa sababu mimi nina mdomo, naye anao.

Kisha kaka akaanza kupotea. Alisahau vifaa vyake juu ya lifti, akasahau ngazi za jengo alilolihudumia maisha yake yote. Siku alipoacha wazi mlango wa shimo la lifti, mfagiaji akaponea chupuchupu, bosi alimsimamisha kazi mpaka apimwe. Watoto nao wakakata shauri: baba akionekana mgonjwa, kifungua mimba atamchukua mjini kwake, huko mbali. Mama atabaki kwa mdogo wao, amlelee mtoto. Mama mwenyewe hakuulizwa.

Kliniki wakampa kaka kishikwambi aende nacho nyumbani. Kila wiki kingemsomea maneno, baadaye kimtake ayataje. Kingemwonyesha picha, kisha achague zile alizokwisha kuziona. Daktari alisema kinaona hata kidole kinavyosita, na kwamba kinaweza kuutambua ugonjwa wa Alzaima ungali mchanga. Akasisitiza mgonjwa afanye peke yake.

Peke yake, katika nyumba ile.

Nilimkuta wifi jikoni, miwani puani, kishikwambi kimeegemea chupa ya chai, anabonyeza huku kaka akimenya viazi pembeni. Nikamwambia huo ni ujinga mtupu. Akasema mume wake hachukuliwi na mashine, na kwamba wakimpeleka huko mbali atakufa kabla hajajua choo kiko wapi. Maswali yenyewe ya kitoto, alisema, ila siku nyingine kinasoma harakaharaka. Lakini sikumwambia daktari, wala watoto. Moyoni nilitaka afaulu.

Siku ya majibu tulikaa watatu mbele ya daktari, binti mpole wa rika la watoto wao. Alisema hana habari njema. Maneno yanapotea karibu yote, na kila wiki hali ni mbaya kuliko iliyotangulia. Itabidi wapige picha ya ubongo wahakikishe, lakini dalili ni za Alzaima. Akamgeukia kaka, akamuuliza kwa huruma kama maswali yalikuwa yanamchosha.

Kaka akamgoja mkewe ajibu. Wifi alikuwa ameshika ukingo wa meza, uso umemshuka.

"Mimi sijakigusa hata siku moja," kaka akasema, akicheka kidogo. "Muulize huyu. Kazi yote kafanya yeye."

Daktari alielewa kabla yangu. Alisogeza kiti karibu na wifi, akamuuliza taratibu tangu lini anasahau mambo. Wifi, ambaye sijawahi kumwona akikosa jibu, akaanza kulia. Kaka naye akapewa kishikwambi palepale. Hakufika hata nusu. Aliuliza mara mbili kitu kile ni cha nani.

Niliumia, na nilikasirika nisijue nimkasirikie nani. Mashine haikumsingizia mtu. Tulikwenda tukiwa na mgonjwa mmoja, tukatoka na wawili.

Tulikaa kwenye benchi la korido kusubiri tarehe ya kurudi. Kaka alikuwa anaitazama lifti ikifunguka na kujifunga. Wifi alimshika mkono wa shati, akaniinamia.

"Wifi, tumegombana sana mimi na wewe. Lakini hili nakuomba. Watoto wasitugawane."

Nikamwambia hawatawagawana. Simu yangu ilikuwa inatetemeka mkobani, kifungua mimba anapiga, na nilijua atakachouliza: nani aende kwake, na nani abaki kwa mdogo wake.