Kinywa cha Mama Mkwe

Mwanangu wa kwanza alikufa kwa uvimbe wa taya. Ulianza kama jino bovu, tukasema ni meno ya utoto hayo. Baada ya muda mfupi shavu likajaa, meno yakawa yanacheza kinywani. Hospitali ya Korogwe tulifika, lakini tulichelewa. Basi wa pili alipozaliwa, kijiji chetu cha ujamaa pale Misima kikiwa bado kipya, nilikuwa nampapasa taya kila asubuhi. Mume wangu alinicheka. Na acheke. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Binti huyo akiwa anajifunza kukaa, madaktari walikuja kuchukua damu za watoto. Wenzangu wakakimbilia mashambani, eti hao ni mumiani. Mimi niliogopa uvimbe kuliko sindano, nikampeleka. Daktari akanieleza kwamba wanachunguza kirusi kinachohusika na uvimbe ule wa taya, ambao ni saratani, ili siku moja ipatikane chanjo.

"Siku gani?" nikamwuliza.

"Mama, hatujui. Pengine mimi na wewe hatutaiona."

"Na hicho kirusi kinapita wapi?"

"Kwenye mate."

Mama mkwe wangu ndiye aliyewalisha wanangu wote wawili. Anatafuna muhogo mpaka unalainika, kisha anamtia mtoto mdomoni, kama alivyolishwa yeye na mama yake. Nikarudi nyumbani mbio, mtoto mgongoni. Nilimkuta jikoni anatafuna; akamchukua mtoto mgongoni kwangu, akampakata amlishe. Nikampokonya.

"Kuna nini, mwanangu?"

Nikamweleza. Nikamwambia pia lile alilolisisitiza daktari, kwamba watu wazima karibu sote tunacho, hata mimi, na watoto wengi hukipata wasiumwe. Hilo sidhani kama alilisikia. Alitema muhogo kiganjani, akautazama.

"Basi yule wa kwanza nilimuua mimi."

"Hapana, Mama."

Nilisema hapana, lakini sauti yangu mwenyewe haikunishawishi.

Majibu ya damu yalipokuja, mtoto alikuwa nacho tayari. Nikauliza nifanye nini. Daktari akasema nimlee tu, tusubiri. Tukasubiri kwa hofu, kila mtu na kona yake.

Binti yangu hakuumwa taya, na leo ana watoto wake. Bibi yake alifariki kabla ya kulijua hilo. Mpaka anakata roho, mtoto akimnyooshea mikono, yeye aligeuza uso ukutani.